Mbegu za Waridi la Kamasi

Salemsvlei
20 Aprili 1998

Mjukuu wangu Verlene,

Usishtuke kuona bahasha yenye jina lako mwenyewe. Bibi yako Sanna asiifungue. Ni dada yangu, nampenda, lakini ana mkono mwepesi kwa bahasha za watu.

Siku ya Pasaka pale makaburini, tarumbeta ziliponyamaza na wenzako wakakimbilia kahawa na mikate, wewe ulibaki umechuchumaa kwenye majimaji ukiniuliza kile kijimea chenye ulimbo kinakula nini. Nikakwambia visubi. Hukucheka, wala hukusema ni uchafu. Ndiyo maana naandika kwako na si kwa wale wengine.

Ndani ya karatasi iliyokunjwa kuna mbegu za waridi la kamasi, ndugu mkubwa wa kile kijimea, lile jekundu la hapa kwetu. Zinafanana na vumbi la tumbaku, kwa hiyo ukiifungua usipige chafya. Meupe na ya zambarau yapo bado huko upande wa mji wa Darling. Hili jekundu lilikuwa kwenye kinamasi cha chini tu, nilikokuwa nikikata matete ya kuezekea nyumba za watu miaka yote ile. Kinamasi kimeshalimwa. Wanaotesha nyasi za kuuzia viwanja vya gofu.

Nimekupa nusu, nimebaki na nusu. Mikono yangu inatetemeka siku hizi, na macho hayaoni kitu kidogo kuliko mbuzi.

Chukua kopo la aiskrimu, litoboe chini. Changanya mchanga mweupe uliooshwa na udongo mweusi niliokuwekea kwenye mfuko. Choma matete makavu yaliyomo humo, kiasi cha kiganja, yazime kwa maji ya mvua, uchuje. Maji hayo ya moshi ndiyo yatakayozidanganya mbegu kwamba veld, nyika yetu, imeungua na sasa ni zamu yao. Zinyunyize juu, usizifukie hata kidogo. Weka kwenye dirisha la kaskazini, linalopata jua. Maji ya mvua tu, ya bomba yana chumvi. Mbolea usiweke, mmea huu unajitafutia kitoweo wenyewe.

Kabla sijafa nataka lirudi kwenye ardhi ya kanisa, pale penye chemchemi. Likichipua niambie.

Babu yako,
Apools Fortuin


Bonteheuwel
14 Juni 1998

Babu mpendwa,

Samahani kama maneno yangu yamepinda. Shuleni tunaandika kila kitu kwa Kiingereza, na lugha ya nyumbani naijua mdomoni kuliko kwenye karatasi. Barua hii nimeichana mara tatu.

Yale matete niliyachoma kwenye sufuria juu ya jiko. Moshi ulijaa flati nzima. Bibi akatoka bafuni na taulo kichwani: "Verlene! Unataka kutuunguza kwa ajili ya magugu ya kaka yangu?" Shangazi Dulcie wa juu akaanza kugonga sakafu yake kwa ufagio. Bibi akachungulia dirishani akapiga kelele, "Tulia Dulcie, hakuna moto, ni mtoto anapika vumbi!"

Siku thelathini na nne sikuona kitu. Nilijua nimeziua. Halafu Jumanne nikaona kama ukungu wa kijani, nikachukua miwani ya Bibi nikaigeuza kama lenzi, na Babu, zina vinyweleo! Kila jani ni dogo kuliko kichwa cha pini lakini lina vinyweleo, na kila kinyweleo kina tone lake. Ni miche kumi na tisa. Nimeihesabu asubuhi na jioni isije ikapungua.

Mama anasema ikianza kula mende ataipa kitanda chake. Bibi anauliza, "Na sisi je? Tukae mezani tusubiri wamalize kula?"

Nikuambie kitu. Shuleni siongei. Mwalimu wa baiolojia ananiita "yule wa dirishani" kwa sababu bado hajashika jina langu. Lakini nikirudi nyumbani naongea na kopo la aiskrimu. Sijawahi kuwa na kitu ambacho mtu mwingine yeyote hana.

Zako zimechipua?

Mjukuu wako,
Verlene


Salemsvlei
5 Julai 1998

Verlene,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza peke yangu, mara ya pili kwa jirani, na mara ya tatu kwa Mama Mchungaji, ambaye alilia. Yeye hulia hata kwenye matangazo ya chama cha kuzikana, lakini safari hii nilimruhusu. Kina mama wa kanisa wameshaanza kubishania wimbo wa siku ya kupanda. Nimewaambia: mjukuu wa Sanna ana mikono, akigusa kitu kinaota. Sasa kila nikipita dukani naulizwa, "Babu Apools, wajukuu zako kumi na tisa hawajambo?"

Zangu bado. Labda zimeshika kiburi cha mwenye nyumba.

Miche ya mwaka wa kwanza haitoi maua, usiilazimishe. Endelea kuniandikia, na uniambie kila kitu, kibaya pia.

Babu yako,
Apools


Bonteheuwel
18 Oktoba 1998

Babu mpendwa,

Samahani kwa kuchelewa, tuna mitihani. Miche yote ni mizima. Imekuwa mikubwa kama vifungo vya shati na imenasa visubi vingi. Bibi anakusalimu, anasema ununue miwani.

Mjukuu wako,
Verlene


Bonteheuwel
15 Novemba 1998
(haikutumwa)

Babu,

Imekufa yote.

Siku ile nilipokuandikia kwamba ni mizima, kumi na mmoja ilikuwa imeshakuwa myeusi. Nafikiri ni maji. Septemba maji ya mvua yaliniishia nikatumia ya bomba siku nne, na hilo pia sikukwambia. Nilidhani nikivumilia kidogo itapona, halafu barua yangu itageuka kuwa kweli na hakuna atakayejua.

Jana Bibi aliinama juu ya kopo akasema, "Mwanangu, huyu ameshakufa na wewe bado unamnywesha." Hakusema kwa ubaya. Nikalibeba kopo mpaka kwenye pipa la uani, nikalipindua, nikaligonga kitako ili udongo wote utoke. Kisha nikaliosha kwa sabuni. Sijui kwa nini nililiosha.

Namshukuru Mungu kwamba una nusu yako.

Nitaituma kesho, nikipata stempu.

Verlene


Salemsvlei
20 Novemba 1998

Verlene,

Jana nilikuwa napaka chokaa kaburi la mke wangu, jua limewaka, nikakumbuka kitu ambacho sikukwambia. Nikaacha brashi pale pale.

Joto likianza, waridi la kamasi linakuwa jeusi na kukauka. Ukilitazama utaapa limekufa. Halijafa. Limeingia kwenye mizizi yake, ile minene ya chini, limelala, na litaamka kwa mvua za Aprili. Acha udongo ukauke, funika kopo kwa gazeti, liweke kivulini, usiliguse.

Sikukwambia mapema kwa sababu zamani hapa kila mtoto alijua. Nilisahau kwamba wewe umezaliwa ghorofa ya tatu. Nisamehe kama nimekutia wasiwasi.

Babu yako,
Apools


Bonteheuwel
6 Desemba 1998

Babu mpendwa,

Asante kwa barua. Ndiyo, imelala. Kopo nimeliweka chini ya kitanda changu na nimelifunika kwa gazeti kama ulivyosema. Sina wasiwasi.

Krismasi njema kwenu nyote.

Verlene


Salemsvlei
9 Mei 1999

Verlene,

Kimya kimezidi. Mvua imenyesha wiki tatu hapa. Je, wameamka?

Pale kwenye chemchemi nimefyeka magugu na kuzungusha mawe ili ng'ombe wa watu wasikanyage. Nilifanya polepole, nikikaa kila baada ya jiwe. Kina mama wamekubaliana juu ya wimbo, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu kanisa hili lijengwe. Sasa tunakusubiri wewe tu. Dereva wa basi la Ijumaa ni mtoto wa hapa, mpe boksi na umwambie alishike mapajani.

Babu yako,
Apools


Bonteheuwel
2 Julai 1999

Babu mpendwa,

Wameamka. Nimempa dereva boksi la viatu, miche yote kumi na tisa imo, kila mmoja kwenye kikopo chake cha mtindi. Samahani siwezi kuja mwenyewe, nina kazi nyingi za shule.

Verlene


Salemsvlei
5 Julai 1999

Verlene,

Boksi limefika. Dereva hakulipindua. Jana baada ya ibada kina mama wamepanda pale kwenye chemchemi na wameimba beti zote.

Asante.

Apools Fortuin


Bonteheuwel
12 Septemba 1999

Babu,

Jana tarishi alileta kifurushi kutoka kwa kina mama wa kanisa. Ni kitambaa cha meza, cheupe, cha kufuma kwa mkono. Kadi yake imeandikwa: "Kwa binti mwenye mikono." Bibi amekitandaza, na hataki mtu aweke hata kikombe juu yake. Tangu jana nakula nimesimama jikoni.

Mliyopanda si waridi la kamasi.

Ni ule mmea wa kawaida, nao una ulimbo, wenye majani marefu kama ulimi, tunao kwenye dirisha la maabara shuleni. Unadondosha mbegu kila mahali, unaota mpaka kwenye ufa wa sinki. Nilijiambia kwamba ukiwa mdogo hakuna atakayeutofautisha na waridi. Nilichagua kumi na tisa, Babu. Nilihesabu ili hata idadi ilingane. Mengine yote ninaweza kusema niliogopa, lakini wakati nahesabu sikuwa naogopa. Nilikuwa makini, kama mtu anayefanya kazi nzuri.

Humu ndani nimeweka barua niliyokuandikia Novemba nikashindwa kuituma. Soma hiyo kwanza, kisha rudi hapa.

Barua yako ya kusema wamelala niliisomea kwenye ngazi. Ilifika siku kumi na tatu baada ya mimi kupindua kopo. Nilikimbia mpaka kwenye pipa, na mlinzi wa uani akaniuliza, "Umepoteza pete?" Lori la taka lilikuwa limeshapita mara mbili. Kwa hiyo najua kitu ambacho wewe hukijui: ile miche haikufa kwa maji ya bomba. Ilikuwa hai nilipoitupa. Kama Oktoba ningeandika maneno matatu tu, "Babu, inakuwa myeusi," ungenijibu ndani ya wiki, na leo kina mama wangekuwa wamepanda kitu cha kweli.

Sikuandika kwa sababu uliwaambia watu nina mikono. Hakuna mtu aliyewahi kusema lolote juu yangu mbele za watu.

Nimejikaza muda wote huu kwa kufikiria ile nusu yako. Tafadhali niambie inaendeleaje. Niko tayari kuja kubeba maji, kufyeka, chochote utakachosema.

Nimeona kwamba barua ya Julai hukusaini "Babu yako". Wakati ule nilijiambia ni haraka tu.

Verlene


Salemsvlei
26 Septemba 1999

Verlene,

Barua yako nina wiki nayo. Nilikuwa na hasira, na mimi nikiandika kwa hasira mkono unatetemeka mara mbili, hata Sanna asingeweza kuisoma.

Nilijua. Nilifungua boksi la viatu, nikagusa jani moja, basi. Nimeshika waridi lile miaka sitini, vidole vyangu havihitaji miwani. Nikainua kichwa, kina mama wamesimama na koleo zao, wamevaa nguo za kwaya, Mama Mchungaji ameshatoa sauti ya kuanzia. Nikasema, "Pandeni."

Usinifanye mtu mwema kwa hilo. Sikunyamaza kwa kukuhurumia wewe peke yako. Mimi ni mtu wa kunyamaza, na hii si mara yangu ya kwanza. Kinamasi kilipokodishwa kwa watu wa nyasi nilikuwa mjumbe wa baraza la kijiji. Mwenyekiti akauliza, "Kuna mwenye neno?" Watu walikuwa wanazungumzia ajira za vijana wao, na jina la ua nililotaka kulitetea ni waridi la kamasi. Nani angesimama aseme hilo mbele ya wanaume kumi na mmoja? Wangenicheka mpaka leo. Nikainua mkono pamoja nao, na saini yangu ipo kwenye karatasi. Wiki moja kabla ya trekta kuja ndipo nilipokwenda kule na karatasi yangu kukusanya mbegu, peke yangu, kama mwizi.

Hakuna nusu nyingine. Zote nilikupa wewe. Nilisema nusu ili usibebe mzigo mzito, na zile nilizosema zina kiburi hazikuwahi kuwapo. Sasa najiuliza: kama ungejua ni zote, je, ungeniambia mapema? Au ndiyo ungeogopa zaidi? Nimeligeuza hilo wiki nzima. Uongo huo ni wangu, usiuchukue.

Sasa kuna kazi. Huo mmea wako wa maabara si wa hapa. Desemba ikifika utamwaga mbegu, na chemchemi nzima itakuwa yake, na utavisonga vimea vyetu vidogo vilivyobaki pale. Njoo Jumamosi tarehe tisa uung'oe kwa mikono yako, mizizi yote. Kina mama nitawaambia mwenyewe, pale pale, nikiwa nimesimama. Ya kwangu ya baraza pia nitayasema.

Kitambaa kirudishe.

Babu yako,
Apools


Bonteheuwel
17 Oktoba 1999

Babu mpendwa,

Mimi na Bibi tulifika nyumbani salama. Udongo wa chemchemi bado uko chini ya kucha zangu, sijaukwangua.

Nataka kukwambia kwamba nilikuona ukishika jiwe moja kati ya yale uliyozungushia chemchemi kabla ya kuanza kusema. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye matope nikajifanya natafuta mizizi. Mama Mchungaji alipouliza, "Kwa hiyo, Babu Apools, tuliimba beti sita kwa magugu?" na wewe ukajibu, "Saba," nilidhani ardhi itanimeza. Halafu yule mama mfupi mwenye kofia ya bluu akacheka, na wengine wakacheka, lakini Mama Mchungaji hakucheka. Alikipokea kitambaa akakikunja mara nne bila kunitazama. Nafikiri ana haki. Uliposema habari ya baraza hakuna aliyecheka kabisa.

Bibi hajaongea nami sana wiki hii. Si hasira, ni kwamba anafikiria kinamasi. Jana akiwa anamenya viazi akaanza tu: "Tulikuwa tunavua viatu. Apools alikuwa ananibeba mgongoni ili nisiyakanyage maua yale." Nikamwuliza yalikuwa namna gani hasa, kwa sababu mimi sijawahi kuliona hata moja, Babu. Nililootesha halikufika kuchanua. Sikujua hata niliua nini.

Akasema jekundu kama kiberiti kikiwaka, na katikati jeusi tii, kama jicho la kuku. Nikamwambia wewe Jumamosi ile ya kung'oa uliniambia katikati ni kijani, kama chupa ya divai. Akaweka kisu chini.

"Kijani? Mwambie kaka yangu amezeeka. Jeusi!"

"Amesema amelishika miaka sitini, Bibi."

"Kulishika si kuliona. Yeye alikuwa anaangalia matete. Mimi ndiye niliyekuwa nayachuma!"

Nimekwenda maktaba ya shule na ile kubwa ya mjini. Wana picha za meupe, za zambarau, na nyekundu za mahali pengine ambazo Bibi anasema ni nyekundu ya uongo. La Salemsvlei halimo. Nimewauliza wote wawili mliobaki mnaolijua, na hamkubaliani, na kama nisingepindua kopo lile ningewaletea moja mezani, mbishane huku mnalitazama.

Basi naomba kitu. Najua Bibi akikuandikia, na ataandika, utasema, "Sawa, Sanna, lilikuwa jeusi," ili yaishe. Usiseme hivyo. Niandikie wewe unavyokumbuka, rangi ya katikati na zote nyingine, kabla hujaanza kukumbuka ya Bibi. Nitaziweka barua zenu zote mbili, yako na yake, na sitachagua.

Mjukuu wako,
Verlene